Kiti cha Chekechea

Kiti changu ni chekundu, kinanifika chini ya goti.
Asubuhi hukaliwa na mtoto wa miaka minne, Lemburis;
jina lake limebandikwa kwenye egemeo,
na chini yake kachora kitu, ama mbuzi ama ndege.
Saa kumi na moja na robo jioni ni changu.
Nakiinamia kama anayechota maji mtoni,
magoti yanateta,
nakaa.

Shule hii ya Shanty Town, nyuma ya mijakaranda,
haiulizi umri. Wanaotambaa wana zulia lao,
vijana wana maabara, na sisi wa jioni
tuna taa ya tyubu na chupa ya chai ya tangawizi.
Ukutani lugha mbili: kushoto Kiingereza, kulia Kihispania.
Chetu tunakiacha getini pamoja na miavuli,
mlinzi Kisanga atutunzie.

"Bibi Aikaruwa, utaweza?" aliniuliza karani,
akihesabu noti zangu zenye harufu ya buni.
Nikamwambia, ng'ombe hazeeki maini.
Kwenye "Sababu ya kujiunga"
palikuwa na mstari mfupi kama kidole.
Nikaandika: mjukuu.

Pasingetosha kumweleza Anaeli wa Saragosa,
mwanangu alikokwenda kusomea umwagiliaji, akaoa, akakaa.
Ana miaka sita na paji la uso la marehemu baba yangu.
Kila Jumapili hutokea kwenye simu,
akaongea kama mvua ya mawe juu ya bati,
nami natabasamu hadi mashavu yanauma,
naye anatabasamu,
na bando linakata.

Kiingereza nilikiokota kwenye magunia ya kahawa, kiwandani.
Unaona herufi nane, unatamka nne,
nyingine zimekwenda likizo.
Ila hiki kingine! a, e, i, o, u
zimekaa palepale tulipoziacha.
Mwalimu Yolima, mtu wa Kolombia, naye wa milima ya kahawa,
akagonga meza: "mesa."
Tukacheka kama tuliokutana na jirani ugenini.
"Casa" ni nyumba, nami nikamwona kasa
na yake mgongoni.
"Pesa," akasema, maana yake "ina uzito."
Mzee Kaaya, fundi saa, akapiga dawati:
"Hasa isipokuwepo!"
Lakini "baba" ni udenda.
Hapo tulinyamaza, baadhi kwa heshima,
baadhi kwa kumbukumbu.

Siku hizi maharage yangu yanaungua kwa Kihispania.

Alhamisi nilifika mapema.
Watoto wa mchana walikuwa bado uwanjani,
mmoja akaanguka kwenye kokoto:
Lemburis, mwenyekiti wangu.
Goti likachubuka. Alilia kwa Kimaasai,
lugha isiyokuwepo ukutani.
Mwalimu akapiga magoti, akapuliza kidonda,
"Sana, sana."
Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa.
"Pole," nikasema, nikataka kumalizia,
nikakuta nusu yangu ya pili imeshasemwa.

Kumbe kwao "sana" ni pona.
Kumbe miaka yote hii, wodini KCMC, misibani Kibosho,
mlangoni kwa wifi yangu asubuhi ile aliyofiwa,
nilikuwa nikiacha dawa
bila kujua nimeibeba.

Jumapili nilijaza bando.
Anaeli ameng'oka meno mawili ya mbele.
Nilikuwa na sentensi saba kwenye karatasi ya sukari;
zikatawanyika kama vifaranga walioona mwewe.
Nikaweka kidole kwenye kioo, juu ya pengo.
"Sana," nikamwambia.
Akaduwaa. Akamgeukia baba yake,
akauliza jambo refu, la kasi,
na ndani yake nikadaka neno moja tu: "abuela."

Nikanyoosha mkono juu,
kama darasani.